Kinyama cha Mama

Harufu ile ilinikuta nimelala chali kwenye kitanda cha zahanati moja mjini Kakamega, titi langu la kushoto likiwa wazi na limepakwa dawa ya kahawia. Muuguzi alikuwa amefungua kichupa juu ya meza iliyokuwa karibu na kichwa changu. Sikuona kilichomo, na sikuhitaji kuona. Macho yaliwasha, koo likawasha, na kabla sijajua ninachofanya nikamwambia, "Funga hiyo." Akadhani naogopa sindano. Daktari, msichana mdogo ambaye kwa umri wake huenda nilimfundisha darasa la nane, akanishika bega. "Usijali, madam. Ganzi imeshika. Hutasikia kitu."

Sindano sikuiogopa hata kidogo. Nilitaka tu kile kichupa kifungwe.

Alikuwa mtu wa kueleza, yule msichana, na nitawaeleza kama alivyonieleza, kwa sababu laiti mtu mmoja tu angenifanyia hivyo nikiwa na miaka tisa, nisingekuwa na la kuandika leo. Alisema hivi. Kuna uvimbe. Kwa kupapasa hatujui ni wa nini, na hata picha inatupa kukisia tu. Kwa hiyo tunachukua kipande kidogo cha nyama ya pale pale, tunakitia kwenye dawa ili kisioze, kinakwenda maabara. Huko wanakigandisha ndani ya nta, wanakikata vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, wanavitia rangi, halafu daktari mwingine, ambaye kazi yake ni hiyo tu, anaviangalia kwa darubini. Yeye ndiye atakayesema kama ni saratani au siyo. "Kukata hakuusambazi," akasema. "Tunauuliza swali tu."

Sindano yenyewe ilikuwa nene, na kila alipoifyatua ililia tak, kama mtu anayefunga sanduku la bati. Ililia mara tatu. Nikaomba nione. Akainua kichupa kwenye mwanga, na ndani mlikuwa na nyuzi tatu nyeupe, fupi, zikielea. Nikamwambia asante. Halafu nikalia, na yeye akaniletea karatasi za kufutia machozi, akidhani analijua tatizo langu.

Nyumbani kwetu ni upande wa Khwisero. Tulikuwa tukikaa kwenye boma moja na kukhu, yaani nyanya yangu aliyemzaa baba. Baba alikuwa mpishi wa shule ya bweni huko Lugari, na alikuja nyumbani akipewa ruhusa. Mama alishona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga, pale barazani. Na alikuwapo Senge, shangazi yangu, dada ya baba, ambaye ndoa yake ilikuwa imevunjika, akarudi na sanduku moja na kinyongo kingi. Alikuwa na mdomo, Senge. Lakini yeye na Mama walielewana kuliko ndugu wa tumbo moja. Waliitana mulamwa, yaani wifi, wakachekana, wakagawana mafuta ya kujipaka. Mama alipogundua uvimbe kwenye titi, Senge ndiye aliyeambiwa wa kwanza, na Senge ndiye aliyemvuta mkono hadi hospitali ya mjini.

Walirudi alasiri. Mama alitembea akiwa amejikunja upande mmoja, mkono umebana kifua. Senge alikuwa amebeba mfuko mweusi wa plastiki, ameushika mbele yake kwa mikono miwili. Mimi nilikuwa nimeketi kizingitini nikipeta maharagwe, na watoto wanaopeta maharagwe hakuna anayewaona.

"Wamekata kinyama kidogo tu," Senge akamwambia kukhu. "Iko hapa. Huko mjini daktari wa kusoma hakuna saa hii. Wamesema tupeleke wenyewe Kisumu. Nitaipeleka Alhamisi."

"Kusoma?" kukhu akauliza. "Nyama inasomwanga?"

"Mama, ni kuangalia na mashine."

"Na chuma imegusa hiyo kitu! Ilikuwa imelala, nyinyi mmeamsha. Sasa mnataka kupeleka nyama ya mtu mbali huko, kwa watu hata hatujui. Ikienda, mwenyewe ataifuata. Mniambie siku hiyo kama sikusema."

Mama hakuwa na nguvu za kubishana. Alisema tu kwamba daktari ametaka ifike kabla wiki haijaisha, akaingia ndani kulala. Senge akauweka mfuko juu ya kabati, nyuma ya masufuria ya wageni. Mimi nikaendelea kupeta maharagwe ambayo yalikuwa yameshakwisha kupetwa.

Ili mnielewe, lazima niwaambie habari za mguu. Nilipokuwa na miaka sita, babu yangu, ambaye sote tulimwita Kuka, alikanyagwa na trekta la miwa. Hospitali wakamkata mguu chini ya goti. Ule mguu uliletwa nyumbani ndani ya gunia, na ukazikwa nyuma ya nyumba, penye migomba. Mchungaji aliomba. Watu waliimba ubeti mmoja. Kuka mwenyewe alikuwa bado yuko wodini, akinywa uji. Niliuliza kwa nini tunazika mguu wa mtu ambaye hajafa, na kukhu akanijibu bila hata kunitazama, "Mtu hazikwangi nusu nusu. Mguu ikibaki mjini itakuwa inamuita mwenyewe kila siku, mpaka aende." Kuka alipokufa mwaka uliofuata, kaburi lake lilichimbwa pale pale kwenye migomba, ili akutane na mguu wake. Kwangu mimi hilo halikuwa jambo la imani. Nililijua kama nilivyojua kwamba maji ya mto yanashuka.

Kwa hiyo niliposikia kwamba kinyama cha Mama kinapelekwa Kisumu, nilijua maana yake. Nilikwenda kitandani kwake.

"Mama, watairudisha?"

"Watarudisha nini?"

"Kinyama chako."

Alicheka kidogo, akashika kifua kwa maumivu. "Irudi ifanye nini? Hiyo imeenda, mama. Nenda ukacheze."

Nenda ukacheze. Nimekuwa na miaka mingi ya kuwakasirikia watu wangu kwa maneno hayo mawili. Kitu kinakatwa kwenye mwili wa mama yako, kinawekwa kwenye chupa juu ya kabati la nyumba unayolala, nyanya yako anasema kitamuua, na wewe unaambiwa ukacheze. Hawakuwa watu wabaya. Walikuwa wanaamini tu kwamba jambo likizungumzwa kwa sauti ya chini, mtoto halisikii. Mtoto analisikia. Asichosikia ni maelezo yake.

Siku ya Jumatano Baba alikuwa anatarajiwa jioni, na kukhu akachinja kuku ili Mama apate mchuzi na Baba apate chake. Wenzangu wa kwetu wanajua ingokho, yaani kuku, ikichinjwa kila kipande kina mwenyewe, na imondo, yaani firigisi, ni ya mwanamume wa nyumba. Mwanamke haigusi na mtoto haifikirii. Kukhu aliipasua, akaiosha, akaiweka kwenye sahani jikoni, akaifunika. Halafu akaenda kisimani. Senge alikuwa shambani. Mama alikuwa amelala.

Nilichukua wembe kwenye kopo la Mama la nyuzi na vifungo. Nikapanda kiti, nikashusha ule mfuko. Kichupa kilikuwa na kifuniko cha plastiki, na kimebandikwa plasta yenye jina la Mama kwa kalamu ya wino. Nilipokifungua, harufu ilinipiga machoni kama moshi wa kuni mbichi, nikakaa nikipepesa huku machozi yakinitoka. Nilikuwa nimetarajia kitu chekundu. Kile kilikuwa cheupe, kimekakamaa, kadiri ya punje ya haragwe, na kwa jinsi kilivyokuwa kidogo nilimhurumia Mama mpaka nikaona aibu. Nikakidunga kwa sindano yake ya kushonea, nikakitoa.

Kisha nikakata pembe ya imondo, nikaipunguza kwa wembe mpaka ikawa kadiri ile ile, nikaitumbukiza. Ilikuwa nyekundu. Nilipata hofu kwamba wataona. Lakini niliporudi kuchungulia kesho yake asubuhi ilikuwa imepauka, imekuwa nyeupe kama ile nyingine, na nikaona kabisa kwamba Mungu ananisaidia.

Kile cha Mama nilikifunga kwenye kipande cha jani la mgomba na uzi mweupe. Nikachimba kwa kijiko karibu na kichwa cha kaburi la Kuka, nikakizika, nikasali Baba Yetu mpaka mwisho. Nikamwambia Kuka amwangalie. Nilikuwa nimemwokoa mama yangu. Sijawahi, kabla ya siku ile wala baada yake, kufanya jambo lolote kwa moyo safi kama ule.

Jioni nilipigwa. Imondo ilifika mezani kwa Baba ikiwa na pengo, na kukhu hakuhitaji kuuliza sana, maana mtoto mwenye mikono ya kufikia sahani ile alikuwa mmoja. "Unakulia baba yako imondo! Wewe ni mwanaume?" Alinichapa kwa mwiko wa obusuma, ugali wetu, na Senge ndiye aliyeingia katikati. "Mama, mwachilie. Ni nyama tu. Ni mtoto." Akanipeleka nje, akanipa paja lake la kuku lote, akakaa nami pale kwenye ngazi mpaka nikamaliza. Mate yalikuwa machungu lakini nilikula. Nililia pia, kwa furaha ya mtu anayeteswa kwa ajili ya haki.

Alhamisi Senge aliondoka na mfuko wake, akarudi jioni akiwa amevimba miguu, akasema wameupokea vizuri, wameandika kitabuni, tungoje majibu.

Wiki zile za kungoja zilikuwa wiki nzuri kwangu. Watu wazima walikuwa na sura za mawingu, mimi nilikuwa naimba. Nyuzi za Mama zilitolewa, kidonda kikafunga, akarudi kwenye cherehani. Nilikuwa nikimtazama akikanyaga, ninajisemea moyoni, hayuko Kisumu hata kidogo, yuko hapa mzima. Kila jioni nilipita penye migomba kuhakikisha kuku hawajafukua.

Majibu yalipokuja, Mama na Senge walikwenda mjini kuyachukua. Waliporudi, Baba alikuwepo. Waliketi sebuleni wote wanne, na mimi nikasimama nyuma ya pazia la chumba cha kulala. Senge alikuwa na karatasi.

"Daktari amesoma," akasema. "Anasema hii nyama si ya titi. Si ya mtu kabisa. Anasema ni ya mnyama. Ati tuwarudie, wakate ingine."

Kisha kukhu akasimama polepole, akishika kiti.

"Hapa nyumbani ilitoka nyama ya mtu," akasema. "Imefika huko ni mnyama. Nani alibeba?"

"Mama, mimi nilibeba vile nilipewa."

"Nimeuliza nani alibeba."

"Ni mimi nilibeba."

"Basi useme ulipeleka wapi mtu. Ulimuuza kwa nani? Ama ni wivu, kwa sababu wewe ndoa yako ilikushinda, unataka ya ndugu yako pia ivunjike?"

Senge alimgeukia Mama. Alikuwa na uhakika na upande ule. Mama alikuwa ametazama miguu yake mwenyewe, na mkono wake ulikuwa umerudi kifuani kama siku ile ya kwanza. "Mulamwa," akasema, kwa sauti ndogo sana, "niambie tu ukweli. Sitakasirika."

Nikauona uso wa Senge. Nilikuwa na miaka tisa lakini uso ule niliuelewa vizuri.

Nilifungua mdomo. Hilo nataka lijulikane, ingawa halina faida kwa mtu. Lakini niliona jinsi itakavyokuwa: nikisema, watakwenda kwenye migomba, watafukua, watakiweka tena kwenye chupa, kitapelekwa Kisumu, na Mama atakifuata. Kati ya Senge kusemwa na Mama kufa, niliona ni afadhali Senge asemwe. Watu wazima huwa wanasemana kisha wanasahau. Nikafunga mdomo.

Hawakusahau. Senge aliondoka wiki ile ile na sanduku lake moja, akaenda Butere kupanga chumba, na neno likamtangulia. Dada wa mume aliyegeuza nyama ya mtu kuwa ya mnyama. Waliomwona njiani walivuka barabara. Kabla ya hapo lile neno kinyama lilikuwa na maana moja tu nyumbani kwetu, kipande kidogo cha nyama. Baada ya hapo kukhu alilitumia kwa maana nyingine: "Mambo yenye alifanya ni ya kinyama." Na alikuwa akilisema mbele yangu, huku ananigawia chakula.

Mama hakukubali kukatwa tena. Kukhu alisema chuma imeshakasirisha kitu, na sasa kuna mkono wa mtu juu yake. Dawa ya hospitali haiwezi. Baba alisikiliza mama yake, maana ilikuwa rahisi kuliko kusikiliza woga wake. Zikaja dawa za mitishamba za kupaka, zikaja za kunywa, wakaja watu wa maombi na mafuta. Uvimbe ulikua. Ngozi ikawa nzito, kisha ikafunguka. Ilipita karibu miezi minane kabla ya Baba kumpeleka hospitali kwa nguvu, na safari hii walikata kinyama kingine, kikafika kilikotakiwa kufika, kikasomwa, na jibu likaja haraka. Lilikuwa jibu lile ambalo kingelitoa kile cha kwanza. Daktari alimwambia Baba kwamba tumechelewa, na Baba akaja kutuambia hivyo hivyo, akiwa amesimama mlangoni na kofia mkononi.

Mama alizikwa mbele ya nyumba, mvua za masika zikianza. Senge alikuja mazishini akasimama nyuma kabisa, kwenye ua, na hakuna aliyempa kiti. Mimi sikuwa nikimtazama yeye. Nilikuwa nikiwaza jambo jingine. Mama alikuwa mbele ya nyumba na kinyama chake kiko nyuma, kwenye migomba, na aliyekitenga ni mimi. Kesho yake nilikwenda na kijiko kile kile. Nilichimba asubuhi yote, kuzunguka kichwa cha kaburi la Kuka, nikitafuta uzi mweupe. Ulikuwa umekwisha kuoza. Kukhu alinikuta nimejaa matope mpaka viwiko, akaniuliza natafuta nini, nikamwambia chambo cha samaki.

Nilielewa nilichofanya nikiwa kidato cha pili. Mwalimu wa bayolojia alikata ganda la kitunguu, akalitia rangi, akaliweka chini ya darubini, akatupanga mstari tuchungulie. Akasema hivi ndivyo madaktari wanavyojua ugonjwa ndani ya nyama ya mtu. Ilipofika zamu yangu niliweka jicho, nikaona vile vyumba vidogo vidogo vimepangana, na hapo ndipo nikaelewa jinsi nyama inasomwanga, kama alivyouliza kukhu. Niliomba ruhusa nikatoka nje. Nilikaa nyuma ya maabara mpaka kengele ikalia. Nilijua sasa kwamba mama yangu aliuliza swali, na mimi nikamjibia na imondo ya kuku.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Senge alikuwa Butere, mwendo usio mrefu. Sikwenda. Nilijiambia nikimaliza shule. Nilipomaliza nikajiambia nikipata kazi. Kazi nikapata, nikapanga nyumba yangu Shirere, nikawa mwalimu wa kuwaambia watoto wa watu waseme ukweli.

Majibu yangu mimi yalikuja mwezi uliopita. Si saratani. Ni uvimbe wa kawaida tu, akasema yule daktari msichana, akitabasamu, akingoja nifurahi. Nikamuuliza: mtu akicheleweshwa miezi minane, wakati uvimbe ulikuwa bado mdogo, ile miezi minane inaweza kuwa ndiyo iliyomuua? Alinitazama kwa makini. "Hakuna anayeweza kujua hilo," akasema. "Inawezekana ndiyo. Inawezekana hata mapema ingeshindikana." Ni jibu la haki na nalichukia. Ningependa aseme ndiyo, au aseme hapana. Nilitoka na karatasi yangu, na siku ya soko nikaenda Butere.

Senge anauza omena, vile visamaki vya ziwani. Amezeeka vibaya, upande mmoja wa mdomo umeshuka, lakini mikono ni ile ile. Alinipa ndoo niigeuze niikalie. "Mulembe, mukhana," akanisalimu, akiniita binti kama zamani. "Umekuja na habari gani?" Nikamwambia yote. Nilianza na kichupa cha zahanati, nikarudi nyuma mpaka wembe, mpaka imondo, mpaka jani la mgomba. Alikuwa akichagua taka kwenye omena, na hakuacha kuchagua. Nilipofika kwenye pazia, mkono wake ukapunguza mwendo. Mteja alikuja, akampimia makopo mawili, akamwongeza kidogo, mteja akaenda.

"Ile imondo," akasema mwishowe. "Ulipigwa sana."

"Ulinitetea."

"Nilikupa paja yangu."

"Ndiyo, Senge."

Akacheka, na kicheko kile hakikuwa na kitu ndani. "Na mimi nilikuwa najiulizanga. Hiyo miaka yote. Nilikuwa nasema labda niliteleza mahali nikachanganya chupa. Labda ni mimi kweli."

Nikaanza kuomba msamaha. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno mengi na mazuri, ya mwalimu. Nikasema nilikuwa mtoto. Nikasema hakuna aliyenieleza. Nikasema nilidhani namwokoa Mama. Aliinua mkono wenye magamba ya omena, nikanyamaza.

"Ya chupa sina shida nayo," akasema. "Ulikuwa mtoto. Mimi ningefanya hiyo hiyo. Lakini kukhu yako alikufa lini?"

Nilijua anakokwenda, na sikuweza kumzuia.

Kukhu alikufa miaka saba iliyopita, nyumbani, mchana, kitandani mwake. Nilikuwepo. Senge alikuja kutoka Butere kumuaga mama yake mzazi. Hakuna aliyemwita, alisikia tu sokoni. Aliingia, akapiga magoti, akachukua kikombe cha maji kilichokuwa pale kwenye kigoda, akakisogeza mdomoni mwa kukhu. Kukhu aligeuza uso ukutani. "Huyo asinipe maji," akasema. "Maji ya huyo sitaki." Senge alibaki amepiga magoti na kikombe hewani. Na mimi, mwalimu, mwenye miaka ishirini na minane, ninayejua kila kitu, nilinyoosha mkono nikakichukua kile kikombe kutoka mkononi mwake, nikamnywesha kukhu mwenyewe. Kukhu alikunywa. Senge alitoka kwa mlango wa nyuma.

"Ile ya chupa ulikuwa mtoto," Senge akasema, akarudi kwenye omena zake. "Sasa ile ya kikombe ulikuwa nani?"

Nilikaa juu ya ile ndoo mpaka soko likaanza kufungwa. Alinifungia omena kwenye gazeti, akaniwekea mapajani, akaanza kukunja gunia lake.